Usiwajibu Watu wa Baraza

Wafula mwanangu,

Umeondoka asubuhi na basi la kwanza kwenda Wanale kumuaga babu yako. Jioni utarudi umechoka, na nyumba hii itakuwa imejaa watu wa kanisa wanaotaka kukuwekea mikono kichwani. Kesho gari la Mchungaji litakupeleka Entebbe, uwanja wa ndege. Najua sitapata nafasi ya kukaa nawe peke yetu, kwa hiyo leo meza yangu ya sokoni sikuifungua. Nimekaa hapa ulipokuwa ukifanyia hesabu zako, mlango uko wazi, na watoto wa jirani wanagombania mpira wa majani ya ndizi.

Sitakuandikia habari za sweta wala za kutunza pasipoti. Hayo mtaa wetu mzima wa Walukuba, hapa Jinja, umeshakuambia, hata wale ambao hawajawahi kuvuka daraja la mto. Nakuandikia kwa sababu ya neno ulilolisema Jumapili jikoni, nikiwa nasonga posho, huu ugali wetu.

Ulisema, "Mama, kwa Mjomba Mafabi kule Kanada kuna kompyuta nyumbani kabisa. Nitaingia kwenye lile Baraza lao na nitawajibu mmoja mmoja. Aya zote ninazo."

Nilinyamaza. Ukadhani nimekubali, ukatoka ukipiga mluzi. Sikukubali, mwanangu. Sikuwa na nguvu ya kukueleza nikiwa nimesimama. Sasa nimekaa.

Nimechagua Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokulea nacho. Baba yako alikuwa Mkenya wa malori, mimi Mgisu wa chini ya mlima, na nyumba za huku zimejaa watu wa kila kabila. Watu wengi hapa Uganda wakisikia Kiswahili hukumbuka askari na vizuizi vya barabarani. Mimi hukumbuka baba yako akivua viatu mlangoni akiuliza, "Chai iko?"

Baba yako alikufa kwa silimu, huu ukimwi, ulipokuwa darasa la sita. Tuliwaambia watu ni kifua. Wewe pia nilikuambia ni kifua. Waliokuja matangani walijua, nami nilijua kwamba wanajua, na sote tukala wali kwa heshima. Kwa miaka kadhaa nilibeba jambo hilo bila kulisema, na sikuona kwamba limenizidi. Nilikuwa na soko langu, na nilikuwa na Sunday School yangu. Unawakumbuka wale watoto? Wewe mwenyewe ulianzia kwenye lile benchi la mbele, ukiwa na kamasi na suruali ya kushikwa kwa mkono.

Kisha Mafabi akatuletea Baraza.

Unajua mdogo wangu alivyo. Tangu utoto akianzisha kitu anataka ukoo mzima uingie. Alipofika Kanada akakuta vijana wengine waliotoka kanisani kwetu, mmoja Uingereza, wengine Amerika, wengine Nairobi, akawaunganisha kwenye kompyuta. Ukiandika neno moja linawafikia wote. Wakaliita Baraza. Mwanzoni lilikuwa jambo zuri, nisikudanganye. Walisalimiana, wakakumbushana nyimbo, wakauliza nani amefariki na nani ameoa. Kila jioni laini ya simu ikikubali, Akello, binti wa yule bwana wa magereza, alizipokea zile barua kwenye ofisi ya kompyuta ya mjini na kuzichapisha kwenye karatasi. Mimi nilikuwa katibu wa akina mama, kwa hiyo nilitumwa kuzichukua. Nilizisoma njiani, nikitembea, hadi boda mmoja akanipigia kengele na kunitukana.

Nilipenda sana. Usidhani mama yako alikuwa mtu wa kukokotwa. Nilikuwa mjane wa meza ya nguo za mitumba, na ghafla watu wa Toronto wananiita Dada Mutonyi na kuniuliza maoni yangu.

Mwaka jana Mchungaji Tenywa akatangaza kwamba kabla ya ndoa kanisani, bwana na bibi harusi wakapimwe damu. Habari ikaruka hadi Baraza. Wafula, waliwaka kama nyasi za kiangazi. Mmoja alisema huko ni kukosa imani, akaweka aya. Mwingine akasema kutopima ndiko kumjaribu Mungu, akaweka aya. Wakarushiana Paulo na Musa wiki nzima. Hakuna aliyeuliza wale mabibi harusi wenyewe wanaogopa nini.

Nikasema moyoni, hawa wanabishana juu ya kitu wasichokijua. Mimi nakijua. Nikaenda kwa Akello, nikakaa karibu yake, nikamwambia aandike ninavyosema. Nikasema Mchungaji yuko sawa. Nikasema mume wangu hakufa kwa kifua. Nikasema nami nimekwenda Mbale kupimwa, na kirusi ninacho.

Akello aliacha kuandika. Akanitazama. "Mama Wafula, hiyo tuandike kweli?"

Nikamwambia, "Andika, mwanangu. Ukweli utawaweka huru." Unaona? Hata hapo nilikuwa na aya tayari.

Nilitoka pale nikijisikia mwepesi. Nilinunua hata samaki. Nilikuwa nimewaambia watu ambao wengine sijawahi kuwaona usoni, na wewe, mtoto niliyekuzaa, ulikuwa shuleni Nkoma, kule Mbale, hujui lolote. Nilijiambia nitakueleza likizo ikifika. Nilijiambia kwanza umalize mitihani. Sababu zilikuwa nyingi, nami zote nilizikubali.

Kilichofuata unakifahamu kuliko mimi. Mwenzako mmoja bwenini, ambaye kaka yake yuko Uingereza, alikuuliza mbele ya wenzenu, "Mama yako si ndiye yule wa Baraza, mwenye ugonjwa?" Hukusubiri ruhusa ya mwalimu. Nilikukuta umesimama hapo mlangoni, shati la shule limejaa vumbi la barabara, na hukusema hata shikamoo.

Ulisema, "Ni kweli?"

Nikasema, "Kaa kwanza unywe maji."

Ukasema, "Mama, nimeuliza kama ni kweli."

Nikasema ni kweli. Ukaniuliza, "Kwa nini wao walijua kabla yangu?"

Nimefikiri sana, na nadhani ni kwa sababu wewe ungelia. Wale hawakuwa na machozi ya kunionyesha. Nilimwambia Akello, Akello akagonga vitufe, na lile neno zito likaondoka mikononi mwangu bila mimi kuona limeanguka juu ya nani. Wewe ningelazimika kukuona. Nilichagua njia iliyokuwa rahisi kwangu nikaiita ujasiri. Watu wengine waliiita ujasiri pia, na hiyo ilinidhuru zaidi.

Basi majibu yakaanza kuja. Wachache walinipa pole. Wengi walileta aya. Mmoja ambaye sijui hata anafananaje aliandika kwamba mshahara wa dhambi unajulikana, akaishia hapo, bila salamu, kana kwamba amefunga hesabu. Mwingine alisema nikiri dhambi yangu kwanza ndipo waniombee. Dhambi gani? Kuolewa na baba yako? Kisha mazungumzo yakaacha ndoa yakanigeukia mimi. Je, mtu kama huyu anafaa kuwafundisha watoto Sunday School? Waliuliza kama vile sipo. Nami nilikuwa nasoma, nimesimama ofisini kwa Akello, kikapu mkononi.

Wakati huo jirani yetu Mama Akello alianza kuja hapa kila alasiri. Yeye na mumewe ni watu wa kaskazini, Kiswahili chake ni kile cha kambini. Siku ya kwanza alifika na ungo wa karanga, nikamuuliza, "Mama Akello, una shida?"

Akasema, "Mimi hapana shida. Mimi nakuja kaa tu."

Akakaa chini, akaanza kumenya. Nami nikakaa, nikamenya. Hakuuliza kitu. Jua lilipogeuka akainuka, akasema, "Kesho, Mama Wafula," akaenda kumpikia afande wake. Kesho yake akaja tena.

Mimi nilikuwa nikitumia Kitabu cha Ayubu kuwapiga watu wa Baraza. Niliwaandikia kwamba wao ni wale marafiki wa Ayubu, wasemaji wa maneno ya upepo. Ilinifurahisha. Lakini karanga zile zilinifanya nizisome tena zile sura za mwanzo, nikaona kitu ambacho sikuwahi kuwafundisha watoto. Wale marafiki walikuja kutoka mbali, wakararua nguo zao, wakaketi naye chini siku saba bila kusema neno. Hapo walikuwa marafiki wema. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu.

Kwenye Baraza hakuna pa kuketi chini, Wafula. Anayenyamaza haonekani. Huenda walikuwapo watu huko waliolia waliposoma habari zangu, wakafunga kompyuta wakaenda kulala na huzuni. Sitawajua kamwe. Niliwajua waliosema tu.

Niliona hilo, lakini sikuacha. Ningekuwa mtu wa hekima ningeacha siku ile ya karanga.

Mafabi alikuwa kimya muda wote. Nilidhani ananitetea moyoni. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni pale Wanale mama yetu alipokuwa shambani. Nilijua atasema neno, na neno lake litawanyamazisha. Siku moja Akello akanipa karatasi bila kunitazama. Mafabi alikuwa ameandika kwamba jambo hili linamuuma, lakini Neno liko wazi, anayewasimamia watu wa Mungu awe mtu asiyelaumika, nasi hatuwezi kulibadili Neno kwa sababu ya huruma.

Hakuandika jina langu. Hakuandika "dada yangu." Aliandika "jambo hili."

Jumapili iliyofuata wazee wa kanisa waliniomba nipumzike kufundisha. Mchungaji alipinga, lakini walikuwa wameshasoma karatasi ya Mafabi, na Mafabi ni msomi. Nilipita nje ya kile chumba nikawasikia watoto wakiimba, na mwalimu mpya akiwaanzishia sauti ya juu mno, wakishindwa kuifikia.

Sasa nitakueleza ambalo hulijui. Wewe unajua kwamba mama yako alionewa. Ndicho unachotaka kwenda kukipigania, na ni kweli nilionewa. Lakini haikuishia hapo.

Nilikwenda mjini nimeshiba hasira. Nikamwambia Akello aandike. Nikaanza na ile ya kibanzi kwenye jicho la ndugu yako na boriti kwenye lako. Kisha nikataja boriti yenyewe. Nikaandika kwamba Mafabi, kabla hajapanda ndege, alimpa mimba binti aitwaye Nandudu, pale Nkoma alikokuwa akipanga chumba, akaikana, na yule mtoto hakuishi. Nikaandika jina la binti. Nikaandika na ukoo wake, wasije wakadhani nimebuni.

Akello aliuliza, "Jina lake pia?"

Nikasema, "Jina lake pia. Wanataka ushahidi, wapewe."

Lilikuwa jambo la kweli. Kila neno lilikuwa la kweli. Nandudu mwenyewe ndiye aliyeniambia, zamani, akiwa amelalia mapaja yangu, kwa sababu hakuwa na dada na aliniona mimi kama dada yake.

Nilishinda, mwanangu. Wewe unadhani ushindi uko huko mbele unakusubiri. Mimi nimeshaupata. Baraza lilimgeukia Mafabi kwa aya zilezile walizonipiga nazo. Msichana aliyekuwa amemchumbia huko, binti wa mchungaji, alirudisha pete. Wiki nzima nilikwenda kwa Akello mapema ili nisome. Nilisoma mdogo wangu akichanwachanwa, nikawa nahesabu nani amesema zaidi. Nilipokuwa nikiandika juu ya wale waliotaka kumpiga mawe yule mwanamke wa Injili, jiwe lilikuwa mkononi mwangu, na niliusikia uzito wake, na nilifurahia.

Miezi michache baadaye bibi yako akafariki Wanale. Ulikuwapo kwenye mazishi, lakini ulikuwa na wanaume kule kwenye kaburi, hukuona yaliyotokea jikoni. Tulikuwa wanawake wengi nyuma ya nyumba, tunamenya matoke, ukungu umefunika mlima. Mwanamke mmoja akaja na mzigo wa kuni kichwani, akautua. Nilipomwona uso nikasimama. Alikuwa Nandudu. Amekonda, na mguu mmoja hana kiatu.

Nikamwambia, "Nandudu, mdogo wangu. Karibu."

Akajipangusa mikono. Akasema taratibu, wengine wasisikie, "Mama Wafula, mimi sijui hata hiyo kompyuta inafananaje. Sikujua kama kuna mahali nazungumzwa."

Aliolewa Mbale mjini, na mumewe hakuwa akijua habari za ile mimba. Kulikuwa na mtu aliyesoma, akamwambia mtu, naye akamwambia mume, sokoni, mbele ya watu. Mume akamrudisha kwa baba yake na kubaki na watoto.

Nikaanza kusema kwamba sikukusudia. Akaniuliza, "Ulipoandika jina langu, ulikuwa umemkasirikia nani?"

Nikasema, "Mafabi."

Akageuka akatazama kule alikosimama Mafabi, aliyekuja kwa mazishi, na koti lake refu, katikati ya wanaume. "Mafabi atarudi kwake kwa ndege," akasema. "Mimi nimerudi kwa baba yangu kwa miguu."

Kisha akachutama akaanza kuwasha moto, kwa sababu maji yalikuwa hayajachemka na wageni walikuwa wengi. Alipika siku ile nzima kwenye msiba wa nyumba yetu. Hakunitukana. Hakunitajia aya hata moja. Nilimfuata mara mbili, na mara zote alinipa kazi: lete chumvi, shika sufuria hii.

Nimekwenda kwa mumewe. Nimekwenda na Mchungaji, nimekwenda peke yangu. Mara ya mwisho alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia, "Mama, wewe ulisema kweli ama uwongo?" Nikasema ni kweli. Akasema, "Basi nenda." Mlango wa nyumba ile sina tena cha kuubisha nacho. Watoto wa Nandudu wanakwenda shule na sare zisizofuliwa vizuri, nimewaona. Hayo yapo, na yatakuwapo nikiwa nimeshazikwa.

Mafabi na mimi tulikutana jioni ile ya mazishi, kwenye migomba ya baba. Nilikuwa nimemwandalia maneno toka Jinja. Alipofika akasimama tu, mikono mfukoni, na nikaona mvi zimemwota.

Akasema, "Dada, ile barua yangu... nilikuwa nawajibu wale wengine. Nilikuwa nabishana na mtu wa Texas. Nilisahau kwamba wewe unasoma."

Nikasema, "Nami nilisahau kwamba Nandudu yupo."

Kisha akasema, "Nipe Wafula. Nitamsomesha." Sijui kama yalikuwa mapenzi au ni mtu aliyetafuta pa kutua mzigo. Sikuuliza. Nilijua muda wangu ni mfupi, nikasema ndiyo.

Wewe unadhani unakwenda kwa adui yangu. Hapana. Unakwenda kwa mtu aliyefanya nilichofanya mimi, ila yeye alianza. Ukimtazama mezani na kuona amenyamaza, usidhani ni kiburi.

Nimebaki na jambo moja ambalo naona aibu kulisema, lakini nani mwingine nimwambie? Nimeipoteza Biblia yangu. Kitabu kipo, kiko hapo juu ya kabati. Ila siwezi kukisoma. Kila nikifungua, aya inasimama na mimi naona mtu wa kumpiga nayo. Nikisoma habari za wanafiki, namwona mzee fulani wa kanisa. Nikisoma rehema, nawaza jinsi ambavyo ingewanyamazisha wale wa Nairobi. Hata Zaburi zile nilizomsomea baba yako alipokuwa hawezi kumeza maji, zimegeuka mabishano. Mwanzoni nilidhani itapita. Haijapita. Napiga magoti na kinywa changu kinaanza kutunga jibu.

Ndiyo maana Jumapili uliposema aya zote unazo, niliogopa. Najua unazo. Mimi ndiye niliyekufundisha, kwenye lile benchi, kwa peremende. Nilikufundisha uzikariri haraka kuliko wenzako, na ulipowashinda nilikupigia makofi. Sikukufundisha kuuliza aya hii inakwenda kwa nani, na yuko katika hali gani leo, na ni nani aliyesimama nyuma yake ambaye simwoni.

Imeandikwa kwamba ndugu yako akikukosea uende kwake, wewe na yeye peke yenu. Tuliisoma wote, mimi na Mafabi na wale wote. Sijawahi kumwona mtu aliyeitii kwenye Baraza, maana Baraza halina peke yenu. Mimi ningeweza kumwandikia Mafabi barua ya kawaida, ya stempu. Ingechukua wiki tatu kufika, na huenda kabla sijailamba bahasha hasira ingekuwa imepungua. Sikutaka ipungue.

Sikuombi uache kuniamini kwamba nilionewa. Sikuombi hata usamehe, hilo ni lako na Mungu wako. Nakuomba usiwajibu. Watakuja siku moja kukutajia jina langu, hasa nikishakufa, maana mtu akifa watu hupenda kujumlisha. Watasema niliugua kwa sababu hii au ile. Utakuwa peke yako usiku wa nchi ile, barafu nje, na vidole vyako vitakuwa na majibu mazuri kuliko yangu. Utawashinda. Na mahali fulani, Mbale au kwingine, kutakuwa na mtu anawasha moto wa kupikia wageni, hajui kwamba ametajwa.

Ningetaka kukuambia kwamba ukinyamaza utapata amani. Sina hakika. Mimi sijanyamaza wakati uliofaa, kwa hiyo sijui kuna nini upande ule. Najua upande huu tu.

Afya yangu umeiona. Kikohozi kimerudi, na yule daktari wa Mbale siku hizi ananisalimia kwa upole kupita kiasi. Tusidanganyane tena mimi na wewe, imetosha ile ya kifua. Pengine hatutaonana. Ukipata habari, usije. Nauli hiyo isomee. Babu yako na Mama Akello watanizika vizuri.

Mchungaji alipita leo mchana akaniuliza kesho nitakusomea aya gani uwanjani. Nikamwambia sina. Akadhani natania, akasubiri. Nikarudia kwamba sina. Kesho nitakushika mikono, na watu wakisema mama hakumwombea mtoto wake, waseme.

Kuna ujumbe mmoja wa Mafabi. Usimwandikie kwa kompyuta, mwambie kwa mdomo, mkiwa wawili, wakati ambao hana haraka. Mwambie hasira ya dada yake imekwisha. Akifurahi, mwache afurahi kidogo. Kisha mwambie kuna kitu kingine kilikwisha pamoja nayo, na dada yake amekitafuta nyumba nzima, na hajui hata kinaitwaje.

Ni mimi mama yako,
Mutonyi